Nyama Ngumu na Moto Mdogo

1. Ng'ombe wa Ituri

Bunia ni mji mkuu wa jimbo la Ituri. Mji huu uko juu, upande wa magharibi wa Ziwa Albert. Mtu akitoka Bunia kwenda mashariki, njia huteremka sana mpaka ukingo wa ziwa, kwa wavuvi wa Kasenyi na Tchomia. Akienda kaskazini, anapanda milima ya Djugu, nchi ya baridi, ya viazi na kabichi. Akienda kusini, anafika kwenye mbuga za Irumu. Milimani na mbugani kuna majani mengi, na huko watu wamefuga ng'ombe tangu zamani za mababu.

Ng'ombe ana faida nyingi. Huwapa watu maziwa na samli. Ngozi yake hutengenezwa viatu. Samadi yake hulisha shamba. Kijana anayeoa hupeleka ng'ombe kwa wakwe zake. Basi mfugaji hamchinji ng'ombe wake ovyo. Anayepelekwa machinjioni mara nyingi ni mzee: fahali aliyechoka, au jike asiyezaa tena. Tena amekwenda kwa miguu miaka mingi, akipanda na kushuka vilima. Nyama yake ni tamu, lakini ni ngumu.

Vita vya miaka ya 1999 mpaka 2003, na mapigano yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, viliwafukuza watu wengi makwao. Ng'ombe wengi waliibwa au waliuawa. Kwa sababu hiyo nyama ya ng'ombe ni chakula cha thamani, na nyumba nyingi huila kwa nadra. Aliyeinunua hana budi kujua kuipika, isiharibike bure.

2. Kununua nyama

Mwenye haraka hutaka sarara, yaani nyama laini ya mgongoni. Sarara huiva upesi, lakini katika ng'ombe mzima ni kidogo, na bei yake ni kubwa. Mama mwenye akili hutazama pia shingo, bega, kidari na muundi. Sehemu hizi ndizo zilizofanya kazi kubwa. Shingo iliinua kichwa na kukishusha kila siku malishoni. Bega na muundi vilibeba mwili wote. Ndiyo maana ni ngumu, na bei yake ni nafuu. Lakini zikipikwa polepole hulainika kabisa, na mchuzi wake unaushinda mchuzi wa sarara.

Mnunuzi atazame mambo matatu. La kwanza ni muhuri wa mkaguzi wa nyama, anayempima mnyama machinjioni. La pili ni harufu na rangi: nyama nzuri ni nyekundu, haina utelezi, wala hainuki. La tatu ni usafi wa meza na wa kisu cha muuza nyama.

Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe kamwe, hata ikiuzwa kwa bei ya bure. Huenda mnyama huyo aliuawa na kimeta. Kimeta huua watu pia, na wadudu wake wana ganda gumu lisiloogopa maji yanayochemka. Kuna hatari nyingine, nayo ni tegu. Watoto wa tegu hukaa ndani ya nyama, katika vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake, akawa mrefu kwa meta kadhaa. Nyama iliyoiva mpaka ndani, isiyo na damu hata kidogo, haina tegu aliye hai.

3. Siri ya nyama ngumu

Ukikata kipande cha nyama mbichi na kukitazama karibu, utaona nyuzi nyembamba zimelala pamoja, kama nyuzi za kamba. Nyuzi hizo zimefungwa kwa tando nyeupe na kano. Kadiri mnyama anavyofanya kazi na kuzeeka, tando hizo huzidi kuwa imara. Nazo ndizo zinazoshinda meno ya mlaji.

Nyama ikipata moto, mambo mawili hutokea. Kwanza nyuzi hujikunja na kukamua maji yake. Ndiyo maana nyama iliyokaa motoni nusu saa mara nyingi ni ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Baadaye, joto likizidi digrii 70, tando nyeupe huanza kuyeyuka. Haziyeyuki kwa dakika chache, bali kwa saa nyingi. Zikiisha kuyeyuka, zinakuwa ute laini unaoingia kati ya nyuzi na kuufanya mchuzi uwe mzito. Mchuzi huo ukipoa, hugandamana na kutetemeka bakulini.

Je, moto mkubwa hauwezi kuharakisha kazi hii? Watu wengi hudhani hivyo, lakini maji yana sheria yake. Pwani ya bahari, maji huchemka yanapofika digrii 100. Mahali pakiwa juu, huchemka kabla ya kufika hapo. Kasenyi, ukingoni mwa ziwa, huchemka karibu na digrii 98. Bunia iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,200, na hapo maji huchemka karibu na digrii 96. Yakiisha kuchemka, hayapandi tena. Ukiongeza kuni au makala, maji hayapati joto zaidi. Yanageuka mvuke tu, na kukauka upesi. Basi mwenye moto mkubwa anachoma makala yake bure, na nyama yake haimshukuru.

Mfaransa mmoja, jina lake Denis Papin, alitafuta njia ya kuishinda sheria hiyo. Mwaka 1679, huko London, alionyesha chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa kwa nguvu. Mvuke haukupata pa kutokea, na maji ya ndani yakapita digrii 100. Hata mifupa ililainika. Lakini mvuke uliofungwa ni kama mnyama mkali kizimbani, nao unaweza kupasua chungu. Kwa hiyo Papin alikiwekea chungu chake kilango kidogo cha kuutoa mvuke unapozidi. Sufuria za mvuke zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa chungu hicho. Asiye nayo asijaribu kuikaza sufuria ya kawaida kwa waya. Ana njia nyingine isiyo na hatari: moto mdogo na saa nne.

4. Sherehe ya ubatizo

Katika nyumba moja ya mtaa wa Mudzipela alizaliwa mtoto. Siku ya ubatizo wake ilipangwa Jumamosi. Mama aliuza debe la maharagi ya shamba lake, ili wageni wapate nyama. Fedha zilipohesabiwa, zilitosha kilo moja na nusu ya sarara, au kilo tatu za shingo.

Wageni walikuwa wengi. Tena kulikuwa na babu. Babu alikuwa mzee sana, na meno yake yalikuwa yamebaki manne tu. Katika kila karamu alipewa mchuzi na ugali. Nyama yake aliwagawia wajukuu, akisema, «Kuleni, wanangu, mimi nimeshiba.» Watoto walifurahi na kula. Lakini binti mkubwa wa nyumba ile, aliyekuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, alikuwa ameanza kufahamu kwamba babu hakushiba.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kutoka Djugu kusaidia kazi. Alileta viazi vya kizungu, karoti na kabichi. Baba alipouliza anunue nyama gani, Mama mkubwa alijibu, «Shemeji, nunua shingo. Babu atakula.»

Baba akastaajabu. «Shingo? Hata mimi mwenye meno yote inanishinda!»

«Inakushinda kwa sababu unaipikia haraka,» akasema Mama mkubwa.

Siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, baba alileta kipande kizima cha shingo, kilo tatu, cha ng'ombe aliyechinjwa usiku uleule. Mama mkubwa hakukikata vipande vidogo. Alikipangusa kwa kitambaa safi, akakifunga kwa kamba ya mgomba kama mzigo, kisipate kufumuka. Kisha akakipaka chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, na pilipili manga kidogo, akakifunika. Ndipo wote wakaenda kanisani.

5. Kazi ya Mama mkubwa

Waliporudi, ilikuwa saa tatu. Mama mkubwa alimwita binti na mdogo wake wa kiume, wa mwaka wa tatu. Aliwasha jiko la makala uani, chini ya mwembe.

«Nyama hii inataka moto wa namna mbili,» aliwaambia. «Kwanza mkubwa, kisha mdogo. Mkigeuza utaratibu huo, mtapoteza nyama.»

Alitia vijiko vinne vya mafuta katika sufuria nzito. Mafuta yalipopata moto, aliiweka nyama ndani. Ikalia kwa sauti. Mvulana akataka kuigeuza mara moja, lakini Mama mkubwa alimzuia. «Iache, mwanangu. Ikiwa tayari itajiachia yenyewe.» Na kweli, baada ya dakika chache nyama iliachia sufuria. Upande wa chini ulikuwa umekuwa wa kahawia, wenye harufu nzuri. Akaigeuza upande wa pili, na wa tatu, na pande zote, robo saa nzima. Rangi hiyo ya kahawia ndiyo inayoupa mchuzi utamu wake. Nyama iliyotiwa majini bila kukaangwa inaiva pia, lakini mchuzi wake ni mweupe na hauna nguvu.

Kisha akaitoa nyama, akaiweka katika bakuli. Katika mafuta yale alikaanga vitunguu vitano vilivyokatwa, na punje sita za kitunguu saumu. Vilipolegea, alitia nyanya sita zilizopondwa. Kwa mwiko wa mti alikwangua weusi mtamu ulioshika chini ya sufuria, ukayeyuka katika nyanya. Akairudisha nyama, pamoja na majani ya seleri na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Mwishoni akatia maji ya moto, vikombe vitatu tu.

Binti akauliza, «Mama mkubwa, maji hayafuniki nyama. Tuongeze?»

«La. Maji yafike chini ya nusu ya nyama. Sehemu ya chini inaiva kwa maji, ya juu inaiva kwa mvuke. Nyama yenyewe ina maji mengi, nayo itayatoa. Tukijaza maji tutapata supu.»

Maji yalipochemka, Mama mkubwa alipunguza moto. Kwa koleo alitoa zaidi ya nusu ya makala, akayazika katika majivu. Yaliyobaki aliyafunika kwa majivu mepesi, yakawaka polepole bila ndimi za moto. Juu ya sufuria aliweka majani mawili ya mgomba yaliyooshwa, na juu ya majani aliweka kifuniko. Majani yaliziba nafasi ndogo za kifuniko, na mvuke mwingi ukarudi ndani kama umande. Lakini hakukaza wala kufunga kitu kwa kamba, ili mvuke uliozidi upate njia.

Aliwaambia watoto wasogeze masikio. Ndani ya sufuria kulisikika sauti ndogo sana, kama mtu anenaye usingizini.

«Hiyo ndiyo sauti ya nyama inayoiva,» akasema. «Ikinyamaza kabisa, moto umekufa: ongeza kaa moja. Ikipiga kelele, moto umezidi: ongeza majivu. Kila saa moja tutaigeuza nyama. Hatuna kazi nyingine, ila kusikiliza.»

6. Kelele ya sufuria

Saa tano Mama mkubwa aligeuza nyama mara ya kwanza. Kisha alichukua mtungi kwenda kuteka maji, maana maji ya nyumbani yalikuwa yamekwisha. Binti alikwenda naye. Mvulana aliachwa kulinda sufuria.

Mvulana alikaa kitako, akasikiliza. Sufuria ilinena polepole. Aliona makala hayaonekani kwa sababu ya majivu. Akawaza, «Wageni watakuja saa tisa. Kwa moto huu watakula kesho. Nitawasaidia.» Akayapuliza majivu, akaongeza konzi mbili za makala, akapepea kwa ukili wa zamani. Makala yakawaka mekundu. Sufuria ikaanza kupiga kelele, na kifuniko kikaruka. Mvulana akafurahi. Hakujua kwamba maji ya Bunia hayapiti digrii 96, hata ukipepea mpaka jioni.

Binti alipofika mlangoni mwa ua aliisikia kelele, na mara akanusa harufu ya kuungua. Akatua ndoo, akakimbia. Alitaka kumimina maji ya baridi katika sufuria, lakini Mama mkubwa alipaza sauti nyuma yake: «Usitie maji! Usikoroge! Ondoa sufuria motoni kwanza.»

Walifunua. Mchuzi ulikuwa umekauka, na chini pamekuwa peusi. Mvulana alisimama kimya, machozi yakimlenga. Alikumbuka debe la maharagi la mama yake. Alikumbuka pia meno manne ya babu.

Mama mkubwa hakumpiga. Alileta sufuria nyingine. Kwa uma mbili aliiinua nyama taratibu, akaihamisha. Akachota vitunguu na nyanya vya juu, ambavyo havikuguswa na moto, akaviacha vya chini vilivyoungua. «Kilichoungua kimeshika chini,» alisema. «Ukikoroga, au ukitia maji, uchungu wake unapanda na kuingia katika chakula chote. Ukikiacha mahali pake, unaokoa sehemu kubwa.» Akaonja kidogo, akatikisa kichwa. «Ina harufu ya moshi, lakini si chungu. Imepona.»

Akatia vikombe viwili vya maji ya moto na nyanya mbili mpya, akafunika kwa majani mengine, akapunguza makala. Sauti ndogo ikarudi. Kisha akamgeukia mvulana. «Nawe, kaa hapahapa. Ulikosa ukiwa mlinzi, utatengeneza ukiwa mlinzi.»

Toka saa tano na nusu mvulana hakutoka pale. Sauti ilipopanda alitia majivu. Ilipopungua alisogeza kaa moja. Hata wenzake walipomwita kucheza mpira hakwenda.

7. Mvua na kapu

Saa saba mawingu yalikusanyika juu ya Bunia, na upepo ukavuma. Mvulana akasema, «Mama mkubwa, tuingize jiko chumbani, tufunge mlango, upepo usituzimie moto.»

«Chumbani kamwe,» akajibu. «Twende jikoni nyuma ya nyumba.» Jiko hilo la nje lilikuwa na paa la bati, mlango mpana, na dirisha kubwa. Aliacha vyote wazi, ingawa upepo uliingia na majivu kidogo yakapeperuka.

Hapo nyama iligeuzwa tena. Uma uliingia ndani yake bila kusukumwa sana. Ndipo Mama mkubwa akatia karoti sita na viazi kumi na viwili. Hakuvitia tangu mwanzo, kwa sababu viazi vya kizungu huiva kwa muda wa saa moja hivi kwa moto mdogo, na vikikaa saa nne hugeuka uji.

Saa nane na dakika chache vyote vilikuwa vimeiva. Wageni walikuwa hawajafika, na mvua ilikuwa ikinyesha. Je, waongeze makala ili chakula kisipoe? Mama mkubwa alichukua kapu kubwa, akatandika chini nyasi kavu kwa unene wa kiganja. Akaiweka sufuria ndani, imefunikwa, ingali inachemka. Akajaza nyasi pande zote, na juu akaweka blanketi la zamani lililokunjwa. Nyasi na blanketi havina moto, lakini vinazuia joto lisitoke. Wakati wa vita vikuu vya 1914–1918 na 1939–1945, wanawake wengi wa Ulaya walitumia sanduku la nyasi namna hii, kwa sababu kuni na makaa yalikuwa haba. Hata maharagi yaliyolowekwa usiku na kuchemshwa vizuri huendelea kulainika ndani ya kapu, na makala ya nusu siku yanaokolewa. Lakini chakula kisikae kapuni mpaka kiwe vuguvugu, maana katika joto dogo wadudu wa ugonjwa huzaana. Kikitolewa, kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Kuokoa makala si jambo dogo. Kila gunia la makala linaloingia Bunia limetokana na miti iliyokatwa, na miti inaota polepole kuliko sufuria inavyochemka.

8. Sahani ya babu

Saa tisa wageni walifika. Sufuria ilitolewa kapuni, ikachemshwa dakika chache. Mama mkubwa alifungua kamba ya mgomba, akaiacha nyama ipumzike robo saa, isipoteze maji yake. Halafu akaikata kwa kisu, akikatiza nyuzi, si kufuata urefu wake, ili kila kipande kiwe na nyuzi fupi. Kisu hakikupata kazi.

Watu walinawa mikono, wakaketi. Mbele yao kulikuwa na ugali wa mihogo, kabichi, viazi, na nyama katika mchuzi mzito. Binti alimpelekea babu sahani yake mwenyewe. Babu alimega tonge, akalichovya katika mchuzi kama desturi yake. Kisha akasukuma kipande cha nyama upande, amgawie mjukuu.

«Babu, kionje kwanza,» binti akasema.

Mzee akakiminya kwa vidole viwili. Kikaachana. Akakitia kinywani, akatafuna polepole, akameza. Watu wote walikuwa kimya. Akachukua kipande cha pili. Hata sahani ilipokuwa tupu, hakuwa amempa mjukuu yeyote kitu.

«Nani alilinda moto?» akauliza.

Mvulana akainamisha uso. «Ni mimi, babu. Lakini kwanza niliunguza.»

«Nimesikia moshi wake,» akasema babu. «Niongeze kidogo.»

Usiku baridi ilishuka baada ya mvua. Katika jiko bado kulikuwa na makala mekundu. Mvulana alitaka kulichukua chumbani kwa babu, apate kujipasha moto. Alifikiri ni jambo jema. Lakini Mama mkubwa alilishika jiko kwa nguvu.

«Sikiliza vizuri, mwanangu. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Nje inatawanyika. Chumbani, mlango ukifungwa, inajaa. Aliyelala anazidi kulala, asiamke tena. Ndiyo sababu leo nilikataa kuingiza jiko ndani. Babu akiona baridi, mpe blanketi.»

Akamwaga makala juu ya udongo, mbali na nyumba, akayazima kwa maji. Asubuhi yalianikwa juani, yakatumiwa tena. Nalo blanketi la kapu likakung'utwa nyasi, akapewa babu.

Mambo ya kukumbuka

Nyama ngumu hukaangwa kwanza kwa moto mkubwa, pande zote, mpaka iwe ya kahawia.
Maji yawe machache, na kifuniko kizibe vizuri bila kukazwa.
Moto uwe mdogo kwa muda wa saa tatu au nne. Kupepea hakuharakishi nyama, hukausha maji tu.
Viazi na karoti hutiwa mwishoni, saa moja kabla ya kula.
Chakula kikiungua: ondoa motoni, usikoroge, hamisha kilicho kizima.
Jiko la makala lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa.

Maswali

1. Kwa nini nyama ya shingo ni ngumu kuliko sarara?
2. Maji huchemka kwa joto gani Bunia? Kwa nini si digrii 100?
3. Mama mkubwa alifanya nini ili kupunguza moto bila kuuzima?
4. Mvulana alitaka kusaidia. Kwa nini msaada wake ulidhuru?
5. Kwa nini Mama mkubwa alikataza kutia maji katika sufuria iliyoungua?
6. Babu alikuwa akisema ameshiba katika kila karamu. Je, ilikuwa kweli? Eleza.
7. Kapu la nyasi linafanya kazi gani?
8. Mvulana alitaka kumpelekea babu jiko usiku. Ni hatari gani ingeweza kutokea?

Maneno

Sarara: nyama laini ya mgongoni. Muundi: mguu chini ya goti. Kidari: kifua. Kano: mshipa mgumu unaofunga nyama na mfupa. Kimeta: ugonjwa wa mifugo unaoua na watu pia. Tegu: mnyoo mrefu wa tumboni. Konzi: kiasi kinachojaa mkononi.

Kazi ya nyumbani

Mwulize mama, shangazi au nyanya yako jinsi anavyopika nyama ngumu au maharagi. Andika hatua zake kwa utaratibu, katika mistari kumi. Kisha uliza: moto hutumika saa ngapi, na nani anaulinda?